Nimezivua Soksi za Pikipiki ya Babako

Sudi mwanangu,

Asalamu aleikum. Utakaporudi kutoka kuagana na wenzako utakuta taa inawaka na mimi simo. Usishtuke, hakuna aliyekufa. Nimekwenda kulala kwa mama yako mdogo Mwajuma kule Kinama, na sababu ya kwenda huko utaipata humu humu ukinivumilia. Unanijua, hadithi yangu huanzia jikoni hata kama moto uko barazani.

Adhana ya magharibi imeshatoka. Mvua imetulia, lakini huko juu milimani bado kunanguruma. Pikipiki iko ukumbini pale pale ulipoiacha, ila utaiona imebadilika. Soksi za miguu ya mbele nimezivua. Zile nyeusi nilizokushonea kwa uzi mwekundu, nimezikunja nikaziweka juu ya kiti chake. Usizivalishe tena kabla hujafika mwisho wa barua hii. Nakuomba hilo moja tu, mengine yote humu ndani ni maneno ya mama, ukitaka uyabebe, ukitaka uyaache chini ya mto.

Mambo ya kula, ya kufua, ya swala na ya kunipigia simu sitayagusa. Nimeyasema mpaka kuta za nyumba hii zinayajua kwa moyo. Nataka kukueleza namna soksi zinavyoweza kuua mtu, maana kesho unapanda mlima wa Bugarama kwenda Gitega na Hamza, mwana wa watu, mgongoni.

Nilipoolewa na babako, karakana yake ilikuwa ile nyuma ya msikiti, pale wanapouza matairi sasa. Mimi nilikuwa nashona viti vya pikipiki kwa simili, hii ngozi ya bandia. Babako ndiye aliyenifundisha pikipiki inavyosimama. Alinichuchumaza mbele ya gurudumu akanionyesha ile miguu miwili inayolishika gurudumu na kumeza mashimo ya barabara. Kila mguu una fimbo ya chuma inayong'aa, inaingia na kutoka ndani ya bomba lenye mafuta. Mdomoni mwa bomba kuna sili, mpira mwembamba kuliko kidole changu cha mwisho, ndio unaozuia mafuta yasitoke. Vumbi likikaa kwenye fimbo, fimbo inakwaruzika. Fimbo ikikwaruzika, inakata sili. Sili ikikatika, mafuta yanatelemka mpaka kwenye breki. "Na feri ikinywa mafuta," aliniambia, feri ndiyo breki, "mutu anakunywa udongo." Ndivyo alivyokuwa akisema, na mimi nilicheka kwa sababu nilikuwa bi harusi na kila alichosema kilinichekesha.

Pikipiki za zamani zilikuja na soksi zake za mpira, zilizokunjwakunjwa, za kuifunika ile fimbo. Jua la Bujumbura lilikuwa linazila zinapasuka, na mpya hazikupatikana. Basi nikasema, mimi nashona viti, kushona soksi kutanishinda nini? Kiburi hicho ndicho kilichonilisha miaka mingi, na ndicho kilichonilia nyumba yangu.

Jozi ya kwanza niliipima pikipiki ikiwa imesimama kwa magurudumu yake. Niliipima vizuri kama napima suruali ya bwana harusi. Babako akaivalisha, akaendesha mpaka kwenye tuta la barabara, gurudumu likaruka, na soksi zote mbili zikang'oka zikabaki zinaning'inia. Akarudi anacheka machozi.

"We mama, ulipima mutu akiwa amekaa!" akaniambia. "Ona, mguu inakunjuka."

Akaipandisha pikipiki juu ya kreti ya fanta, gurudumu la mbele likabaki hewani, miguu ikakunjuka mpaka mwisho, ndipo nikaona nilivyokuwa nimepunja kipimo. Tangu siku hiyo napima kitu kikiwa kimenyooka chote, na naongeza kidogo cha kukata kona, maana usukani ukigeuka soksi nayo inavutwa. Hata wewe nilikushonea kanzu zikikuzidi kidogo. Ulilalamika sana, unakumbuka? Ulisema unafanana na imamu aliyepungua kwa ugonjwa.

Kosa hilo lilikuwa la kucheka. La pili si la kucheka, ingawa babako alilicheka.

Miaka ile ulipokuwa unatambaa, wezi walikuwa wanavua soksi kwenye pikipiki za watu mchana kweupe. Unaingia kuswali, unatoka, miguu ya pikipiki iko uchi. Wateja wakanijia wanalia. Basi nikabuni ufundi wangu: nikaanza kuzishona hapo hapo kwenye pikipiki, sindano ya mkono, juu nabana, chini nabana, nyuma nafunga mshono mmoja mrefu kwa uzi mwekundu wa kushonea viatu. Kuitoa soksi yangu ilikuwa lazima uikate, na mwizi hana kazi na soksi iliyokatwa. Mtaa wetu wote wa Buyenzi ukanijua. Vijana walikuwa wakisema, "Soksi ya Mama Sudi haivuliki." Nilikuwa natembea sokoni kichwa juu. Ya babako niliishona kwa mapenzi kuliko zote, mshono karibu karibu, hata hewa isipite.

Hewa haikupita. Na maji nayo hayakutoka.

Kuna kitu nilikuwa sijui, na babako alikijua lakini hakutaka kunivunja moyo. Hata ufunge namna gani, maji huingia kwa juu. Mvua inaingia, ukungu wa Bugarama unaingia, wale vijana wanaoosha pikipiki kwa kutupa ndoo nao wanaingiza. Kama chini hakuna tundu, maji yanakaa. Fimbo inashinda ndani ya unyevu inaota kutu, mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Kutu inatafuna sili taratibu, mafuta yanaanza kuvuja, nayo pia hayaonekani kwa sababu soksi ya mkeo ni nzuri na haivuliki. Yanajaa mle ndani pamoja na maji. Nje unaona simili nyeusi inayong'aa. Waliosema kikulacho kimo nguoni mwako hawakuwa mafundi wa pikipiki, lakini walijua walichosema.

Siku ile babako alikuwa anatoka Bugarama kutengeneza lori la mtu. Alikuwa anatelemka. Unaijua barabara ile, kona inazaa kona, na watu wa baiskeli wenye ndizi wanashuka kama wamekimbiwa na akili. Alipofika kwenye kona akabana breki kwa nguvu, pua ya pikipiki ikainama, miguu ikakunjika yote kwa mara moja. Soksi ikabanwa kama chuchu ya ng'ombe. Yaliyokuwa yamejaa humo yakatoka kwa juu, kwa kishindo, yakamwagikia gurudumu na breki. Aliniambia alisikia breki imekuwa laini mkononi, akajua. Hakupata hata nafasi ya kusema shahada. Watu wa ndizi ndio waliomtoa mtaroni.

Haya unayajua nusu. Unaujua ule mzaha wake, maana aliusema mpaka siku ya mwisho wa uhai wake: "Wanawake wengine wanashonea bwana zao kanzu. Wangu alinishonea ajali." Wageni walicheka, wewe ulicheka, na mimi nilikuwa naleta chai nikicheka nao. Usichokijua ni kwamba yeye alicheka mchana tu. Ule mguu wake uliopinda ulikuwa ukimuuma usiku wa mvua, na mimi ndiye niliyekuwa nausugua, na hapo hatukuwa tunatania.

Wala hujui siku ile pikipiki ilipoletwa kwa gari. Amelala kwenye mkeka, mguu kwenye plasta, akataka aletewe karibu. Akaniomba wembe. Nikamwambia mimi nitakata. Akasema, "Apana. Lete mi mwenyewe." Akaupitisha kwenye mshono wangu kutoka juu mpaka chini. Kilichomwagika kwenye mkeka kilikuwa cheusi, na kilinuka kama ndagala waliosahauliwa kwenye ndoo. Mafuta ya miguu ya mbele yakizeeka hunuka hivyo, harufu ya samaki hasa, ukiisikia mara moja huisahau. Fimbo iliyokuwa iking'aa ilikuwa imejaa vishimo vyeusi kama uso wa mtu aliyepona ndui. Babako akaigusa kwa kidole, akanitazama, akasema taratibu, "Ulishona muzuri, mama. Shida, ulishona muzuri sana."

Sijawahi kutukanwa tusi lililoniingia kama sifa ile.

Tangu hapo soksi zangu zina kamba nyuma kama kiatu, unafungua kwa vidole unatazama, unafunga. Na chini, upande wa nyuma usiopigwa na matope, natoboa matundu mawili ya kupumulia. Mwizi akitaka, aibe. Wateja walinilaumu. Kuna mzee mmoja wa Kinindo mwenye pikipiki ya kizamani, anaitunza kuliko wakeze, aliniita mpaka kwenye villa yake akaniuliza kwa Kifaransa chake cha pua kwa nini nimetoboa kitu kipya. Nikamwambia, mzee, na wewe pua yako ni mpya na Mungu ameitoboa. Alicheka, akayaacha. Mpaka leo ananiletea salamu.

Sasa nakuja kwa lile linalonichoma, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kukungoja hapa mlangoni.

Mwaka jana ulipotaka kwenda kufanya kazi mjini Ngozi, niliificha buji. Ile buji, kidude kinachotoa cheche, niliifungua mwenyewe kwa spana ya babako wewe ukiwa msikitini, nikaizika kwenye mkebe wangu wa vifungo. Ulipiga teke pikipiki mpaka kisigino kikavimba. Uligeuza nyumba juu chini. Nikakuletea chai, nikakusaidia kutafuta, Mungu anisamehe, nikainama mpaka chini ya kitanda nikisema, "Labda ni panya." Wenzako wakaondoka bila wewe, na ile nafasi ya kazi akaipata mwingine. Ukaja kuikuta wewe mwenyewe siku ulipotafuta kifungo cha shati lako la sikukuu ya Idi.

Hukupiga kelele. Ningependa ungepiga kelele. Uliishika mkononi ukaniambia, "Mama, kuanzia leo, hata ukisema nyumba inawaka moto, mi nitagusa ukuta kwanza."

Leo nakujibu. Niliogopa, ndiyo jibu lenyewe. Nilikuwa nimemzika babako, na pikipiki ile ile ikawa inatoka chini ya gunia na kijana mwenye mabega yale yale juu yake. Niliona heri unichukie ukiwa hai. Mama akiogopa haoni aibu, anaona mtoto tu. Lakini uongo una tabia ya kurudi nyumbani kwake kulala, na wangu umerudi leo.

Sikiliza yaliyotokea.

Kazi uliyoifanya kwenye pikipiki hii niliiona na nilijivuna, nitakuambia leo kwa sababu mdomoni yangenikwama. Uliifungua yote. Ulibadilisha sili. Zile fimbo za babako, zile zile zilizoota kutu ndani ya mshono wangu, ulizipiga msasa mpaka zikang'aa, nikakuuliza kama vishimo vimekwisha, ukaniambia, "Mama, vimebaki vidogo tu, chini huko, ntakibazo, hakuna shida." Nani atanisikiliza mimi wa mkebe wa vifungo? Nikakushonea soksi mpya, za kamba, na matundu yake mawili. Ukazivalisha vizuri, kwenye kreti kama babako, ukaacha nafasi ya kukata kona. Nilitaka kukubusu.

Halafu ukaziba matundu. Nimeyaona leo. Umebandika viraka vya tairi kwa ndani, eti vumbi la barabara ya Gitega lisiingie. Sikulaumu, hata mzee wa Kinindo msomi alitaka hivyo hivyo. Kila mtu mwenye kitu anachokipenda hukimbilia kukifunika.

Tangu juzi paka wa jirani yetu Bi Hawa alikuwa amehamia ukumbini. Analala karibu na gurudumu la mbele, ananusa, analamba sakafu. Nilimfukuza kwa ufagio nikidhani ananusa ndagala niliokukaangia safari. Leo mchana Mama Hamza alikuja kuniuliza, amesimama mlangoni na mwavuli, "Mama Sudi, hawa batoto watafika muzuri?" Nikamwambia inshallah watafika, Sudi ni fundi, mtoto wa fundi. Alipoondoka, paka akarudi. Na safari hii nikainama nikanusa kile alichokuwa akinusa yeye.

Mwanangu, ilikuwa harufu ile ile ya kwenye mkeka wa babako. Nilikaa chini sakafuni palepale.

Soksi ya kushoto nilipoiminya kwa chini ilikuwa nzito, na kitu kikacheza ndani. Nikafungua kamba. Kilichotoka nimekiweka kwenye kikombe cha babako cha bati, kiko dirishani, kimefunikwa sahani kwa ajili ya paka. Maji ya mvua ya juzi ulipoijaribu, na mafuta. Mengi. Kwenye fimbo kuna duara la mafuta mabichi, na chini kidogo vile vishimo, vidogo tu kama ulivyosema, vinakata sili yako mpya kila mguu unapokunjika. Kutu ile ni yangu. Niliishona mimi kabla hujajua kutembea, na imekaa inakungoja.

Ningekupigia simu. Niliishika simu, nikaiweka. Nilijua ungeniuliza nini, na nilijua ungekuwa na haki ya kuniuliza: Mama, umemwaga wewe? Na ningekungoja mlangoni, sauti yangu ingetetemeka, ungesikia mama asiyetaka uende, basi. Na kweli sitaki uende. Nisikudanganye hata kwa hilo. Tangu uniletee habari ya Gitega sijalala usingizi wa kushiba. Lakini kutotaka kwangu ni kitu kimoja na mafuta yale ni kitu kingine, na mimi mwenyewe ndiye niliyevichanganya mpaka huwezi kuvitenganisha.

Kwa hiyo nimeondoka. Mkono wangu ukiwa Kinama hauwezi kumwaga kitu Buyenzi.

Fanya hivi ukiwa peke yako. Kuna kitambaa cheupe juu ya kiti, nimekikata kwenye shuka yangu, ni safi, kinuse kwanza ukitaka. Futa fimbo zote mbili mpaka kitambaa kitoke kikavu. Toka nje ukapige simu zako, ukanywe chai, ukae. Rudi uone kama bado ni kavu, ili ujue hakuna mzimu wala mama nyuma ya mlango. Kisha kamata breki ya mbele, ulalie usukani kwa uzito wako wote, iache ipande, lalia tena, mpaka jasho likutoke. Hamza akipanda nyuma na lile sanduku la spana, kwenye mtelemko wa upande wa Muramvya, pua itainama zaidi ya hapo. Halafu chukua kitambaa upande ulio safi, ufute fimbo ya kushoto, uitazame chini ya taa.

Kikitoka kikavu, mimi ni mama yule yule wa mkebe wa vifungo. Funga soksi zako, ubandue vile viraka nakuomba, uende zako na Mungu akutangulie, na sitakuuliza neno.

Kikitoka na mafuta, sili mpya haitakusaidia, usimwamshe Mzee Rama wa duka la vipuri kwa ajili ya sili. Ni fimbo inayotakiwa, na fimbo haipatikani kesho. Lakini kwenda unaweza. Hili nilitaka ulione limeandikwa kwa mkono wangu: kwenda unaweza. Mwenye chumba cha karakana huko Gitega anakungoja wewe na ufundi wako, hangojei pikipiki. Pandeni gari asubuhi na sanduku lenu. Pikipiki nitaitafutia lori mimi mwenyewe, ikufuate huko, uitafutie miguu mipya bila haraka. Mimi niliyekuwa nikiificha buji nitaisukuma kwa mikono yangu mpaka kwenye lori. Sijui kama utanisadiki hapo.

Najua utakavyosema. Utasema umewaahidi watu utafika juu ya pikipiki ya babako, na kwamba mafuta kidogo si kitu, watu wangapi wanaendesha hivyo. Ni kweli, wanaendesha. Babako naye aliendesha miezi, na kila jioni alirudi, na kila jioni aliporudi mimi niliutazama mshono wangu nikaona ni mzuri. Hatari haikubisha hodi hata siku moja kabla ya ile.

Sikukuachia hirizi wala sikukuandikia dua ya kuvaa shingoni kama Mama Hamza alivyofanya kwa mwanawe. Nimekuombea, hilo halina haja ya kusemwa. Nilichokuachia ni ile miguu ikiwa uchi. Ni mbaya kuitazama, lakini inaonekana. Maisha yangu yote nimekula kwa kufunika vitu vya watu vikapendeza, na lililo bora kati ya yote niliyoyafanya nadhani ni hili la leo, la kufungua kamba.

Na kama kuna siku huko utakapokaa utapata mke, na akakushonea kitu, mwambie ni kizuri kisha ukigeuze ndani utazame. Babako alinipenda akaacha kutazama. Mimi nilikupenda nikaficha buji. Sisi watu wawili tulikupa mapenzi mengi na akili kidogo, wewe changanya vizuri zaidi.

Hamza atakuja baada ya alfajiri. Mwonyeshe kikombe kabla hajapanda. Mama yake alisimama hapa mlangoni akaniuliza, na mimi nikamjibu kabla sijainama. Hamza naye ni mtoto wa mtu.

Ufunguo wa pikipiki uko juu ya meza, mbele ya macho yako, pamoja na buji ya akiba niliyokununulia. Sikuficha kitu. Mkebe wa vifungo nao nimeuacha wazi ukague. Paka nimemwacha pia, yeye hajawahi kukudanganya.

Nitakuwa Kinama nimekaa na simu mkononi, na sitaipiga. Ukinipigia wewe, niambie neno moja tu, kavu au mafuta, nitajua umeshaamua nini. Na ukiondoka bila kupiga, nitajua pia.

Ulisema hata nyumba ikiwaka utagusa ukuta kwanza. Inawaka, Sudi. Gusa.

Mama yako,
Zaituni